Picha Tisa Nilizozifuta Kibondo

Picha za kuniaga zimetoka vibaya. Naanza na hilo kwa sababu nimelibeba moyoni tangu siku ile, na ninyi wawili mlioachiwa kamera ya ofisi, Yasini na Pendo, mnajua ni nani aliyezipiga. Mgeni rasmi ana uso mweusi tii kama sufuria ya shuleni, ukuta nyuma yake unang'aa, na mimi mwenye shughuli nimekatwa kichwa mara mbili. Taa za ukumbi tu ndizo zimetoka vizuri. Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana aliyewafundisha ni mimi. Basi nimeona kabla mihogo haijanimeza kule kwetu Munanila niwaandikie yale ambayo ofisini sikuyasema. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Nitasema habari za taa za jukwaani, na habari za jambo moja nililolifanya Kibondo, ambalo likinijia nikiwa nakata mboga inabidi kwanza niweke kisu chini.

Kazi niliifundishwa Kasulu mjini, kwenye studio ya Mzee Haruni jirani na soko. Alikuwa mtu wa Tanga. Alikuja huku na biashara ya vitenge, vitenge vikamshinda, kamera ikampenda. Mimi nilikuwa binti niliyetoka kumaliza shule, Kiswahili changu cha darasani kimechanganyika na Kiha, nikifungua mdomo wateja wanatabasamu. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia "Mwakeye, mzee," kwa mazoea ya nyumbani, naye akajibu "Mwakeye, mwanangu" kwa sauti ya mtu wa Pwani, hata nikashindwa kujizuia kucheka. Nikadhani nimefukuzwa siku hiyohiyo. Alinipa kitambaa laini, akasema nifute lenzi. Nilifuta lenzi wiki mbili bila kuruhusiwa kuinua kamera.

Kazi yangu ya kwanza ya jukwaani ilikuwa mahafali, kwa kamera ya mkanda, picha thelathini na sita tu. Nyuma ya waimbaji walikuwa wametundika taa kubwa, nami nikaona taa ni nzuri, nikaielekezea kamera kwa moyo wote. Mzee Haruni alipoosha mkanda aliuinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Skola," akasema, "hii taa umeipiga vizuri kweli. Na hawa vivuli ni akina nani?"

"Ni kwaya, mzee."

"Loo. Mama zao watawatambua kwa viatu?"

Kisha akanieleza jambo ambalo nimewaambia ninyi mara mia na bado hamlishiki. Kamera ni mjinga mwenye jicho moja. Ikiona giza kubwa nyuma ya mwimbaji, inadhani dunia nzima ni giza, inazidisha mwanga, uso unaungua. Ikiona joho jeupe la kwaya, inaogopa, inapunguza mwanga, na uso wa mtu mweusi unapotea kabisa. Usiiachie iamue. Iambie iangalie shavu. Shavu likitoka sawa, joho na taa na mgeni rasmi watajijua wenyewe.

Somo lake la pili lilikuwa la pumzi. Taa za jukwaani ni hafifu kuliko macho yanavyodhani, kwa hiyo utalazimika kuiacha shata, ule mlango wa mwanga ndani ya kamera, iende taratibu, na mwimbaji akitikisika anatoka na ukungu. Dawa yake si kumwomba atulie. Akimaliza ubeti atavuta pumzi, na hapo hutulia, kiasi cha kupepesa jicho. Piga hapo. Mpiga ngoma vivyo hivyo. Akiruka, kuna kitambo huko juu ambapo hapandi wala hashuki. Ili nizoee, Mzee Haruni alikuwa anasimama katikati ya studio anaimba kaswida, mimi nabonyeza kamera isiyo na mkanda. Alikuwa na sauti mbaya, Mungu amrehemu, lakini pumzi zake zilikuwa ndefu na zilinifaa.

Kuna jambo la tatu ambalo hakulifanya somo, nami nikalipuuza. Hakutupa negativu hata moja. Alizihifadhi kwenye makopo ya maziwa ya unga, nzuri kwa mbaya, hata zilizotikisika. Siku moja nikamwuliza, "Mzee, hizi chafu za nini?" Akasema, "Mbaya ni kwako wewe, mwanangu. Mwenyewe akija, atakuwa na jicho lake." Nilidhani ni ubahili wa kizee. Nikachukua pumzi, nikachukua shavu, makopo nikamwachia.

Nilipoajiriwa halmashauri nikapelekwa Kibondo, nikapanga chumba kwenye nyumba yenye vyumba vinne. Chumba cha pili alikuwepo mwalimu wa darasa la kwanza, mwenyeji wa kijiji cha Kitanga, jina lake Generoza. Alinipita kwa kunyamaza na kunizidi kwa kuimba. Mchana alikuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana", lakini akianza kuosha vyombo uani, jirani wanapunguza redio. Kwenye kwaya yao ya kanisani yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo. Mimi nimesikiliza kwaya nyingi kuliko padri yeyote wa mkoa huu, na sauti ile sijaisikia pengine.

Generoza alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni. Huku kwetu milimani rovu si ajabu. Mabibi zetu walizeeka nalo kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto. Lake halikuwa kubwa, lilitosha kujaza kiganja. Wala halikumwuma, na daktari alishamwambia anaweza kukaa nalo. Lakini yeye alilificha. Jua liwake, mvua inyeshe, shingoni ana mtandio, na ukimshikia kamera anainamisha kidevu. Mwanawe wa pekee, Imani, alizaliwa miaka baadaye, na siku ya jambo nitakalowasimulia alikuwa bado ananyonya. Mara kwa mara Generoza aliniambia, kwa kuzunguka kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani: "Da Skola, hivi mimi sina hata picha moja ninaimba." Nami namjibu, "Nitakupiga, mdogo wangu, ngoja nipate nafasi."

Nafasi sikuipata miaka. Enzi za mkanda nilikuwa nahesabiwa picha, na mnajua desturi yetu: mgeni rasmi akiingia, mgeni rasmi akiketi, mgeni rasmi akipiga makofi. Wanaopigiwa makofi hawaonekani. Kamera ya dijitali ilipokuja nikasema sasa mambo yamekwisha, kumbe ilikuja na kadi yake ndogo, na nikawa nahesabiwa upya.

Ila ile kamera ilinifundisha taa. Yatunzeni haya, ndiyo urithi wenu. Taa nyekundu ni adui. Niliambiwa hivyo kwenye kambi ya wakimbizi na fundi taa mmoja Mkongomani, siku ya onyesho la ngoma: "Mama, ile rouge ni mubaya, iko inakula sura." Kweli, chini ya nyekundu uso unakuwa nyanya iliyopondwa, hauoni jicho wala pua. Ya bluu inaupaka mtu majivu. Omba nyeupe, au ile ya manjano. Ukinyimwa, ngoja zipishane. Zile taa za LED za bei rahisi, ukiikimbiza shata sana, zinakuchorea mistari kwenye picha kama shuka la kulalia. Rudi kwenye moja ya mia ya sekunde, mistari itaondoka. Flashi iacheni mfukoni, inamgeuza mwimbaji kuwa mtu aliyekutwa anaiba kuku. Na msiogope chembechembe zinazotokea mwanga ukiwa mdogo. Picha yenye chembechembe ina mtu ndani yake.

Mnaona nilivyo hodari wa kufundisha.

Sasa Kibondo. Yalikuwa mashindano ya kwaya na ngoma, mchana, kwenye ukumbi uliozibwa madirisha kwa mapazia mazito ili taa zionekane. Taa zilikodiwa kutoka Kigoma mjini, na fundi wake alikuwa kijana aliyeipenda nyekundu kama mchumba. Nilimwomba nyeupe, akanijibu, "Mama, nyekundu ndiyo inachangamsha." Asubuhi hiyo Generoza alikuja chumbani kwangu akiwa na sare ya kwaya, shingo wazi. Nilimzoea na mtandio kiasi kwamba nilidhani amesahau.

"Leo sifungi," akasema.

"Kulikoni?"

"Nimechoka kufunga. Da Skola, nipige hivihivi, na shingo yangu. Nataka Imani akikua amwone mama yake anaimba."

"Leo nakupiga mpaka wewe mwenyewe uombe msamaha."

Akacheka. Alikuwa anacheka kwa sauti siku hizo.

Kwaya yao ilipopanda, nyekundu ikawashwa. Generoza akatoka mstari wa mbele, akaanza. Nikasema nitangoja pumzi. Jamani, sikungoja. Nilikuwa mtu mzima mwenye uzoefu, mwanafunzi wa Mzee Haruni, na sikungoja, kwa sababu nilikuwa nasikiliza. Alikuwa anayumba na wimbo, mkono unapanda, mimi nabonyeza tu machozi yananitoka. Nikapiga picha tisa. Wimbo ulipokwisha watu walisimama, hata mgeni rasmi.

Nikaenda kukaa nyuma ya spika nikazitazama. Tisa zote zimetikisika. Nyekundu tupu, uso umepakazwa, mkono mmoja umekuwa mitatu. Nikasonya. Mjini kulikuwa na msemo kwamba picha yenye ukungu haitoki kwa Skola, na nilikuwa naupenda msemo huo kuliko nilivyojua. Hapo akaja Bwana Utamaduni, ndivyo tulivyomwita afisa wetu wa utamaduni, ameinama ili asionekane.

"Nafasi zimebaki ngapi?"

"Nne."

"Vikombe ni saba, Skola! Mgeni rasmi asipoonekana anakabidhi vikombe vyote, utaeleza wewe, siyo mimi."

Nilikuwa na picha tano za mgeni rasmi anakunywa maji. Naapa, tano, chupa ileile. Sikuzigusa. Nilirudi kwenye zile za Generoza. Kamera huuliza kabla ya kufuta, kila picha peke yake. Iliniuliza mara tisa, nami nikaijibu ndiyo mara tisa. Na wewe Pendo, usiniambie siku hizi kuna programu ya kuzirudisha. Nilipiga vikombe saba juu yake papo hapo, na mgeni rasmi ametoka safi kwenye vyote.

Jioni Generoza alinikuta uani nikisonga ugali. Alikuwa bado hajavaa mtandio.

"Zimetokaje?"

Ningemwambia ukweli ningepoteza nini? Zimetikisika, mdogo wangu, nilikuwa nalia, nisamehe, tutapiga nyingine. Maneno manane. Lakini niliona aibu ya fundi, mtu kushindwa kazi yake mbele ya mtu anayemwamini. Nikasema bila kuinua macho, "Kadi imekufa. Zako zote zimepotea."

"Na za vikombe?"

"Za vikombe zilikuwa kwenye kadi nyingine."

Alijua tuna kadi moja. Nilikuwa naiweka kwenye kikombe cha chai juu ya kabati, yeye mwenyewe ndiye alikuwa ananikumbusha kuibeba. Aliingia chumbani kwake, akatoka amefunga mtandio. Tukala.

Hakuniomba picha tena. Baada ya mavuno alisafiri kwenda Mwanza, hospitali kubwa, kukatwa rovu. Nilimsindikiza hadi stendi na nikamfungia karanga. Nikamwuliza, "Si ulisema daktari alikuambia unaweza kukaa nalo?" Akasema, "Nimeamua tu." Huko walimweleza kabla kwamba mshipa wa sauti unapita palepale, mtu anaweza kutoka na sauti au asitoke nayo. Aliweka sahihi. Alirudi na shingo nyembamba, kovu kama uzi, na mnong'ono.

Mnong'ono wenyewe haukuondoka. Darasa la kwanza alilifundisha kwa filimbi, kwa makofi na kwa vidole, na nasikia watoto wake ndio waliokuwa watulivu kuliko wote shuleni, kwa sababu walilazimika kumtazama. Kwaya akaiacha. Uani tukawa tunaosha vyombo kimya. Imani alikua, akawa binti mkubwa, na siku moja alinisimulia kama jambo la kuchekesha kwamba watu wanamwambia mama yake alikuwa mwimbaji. "Eti kweli, Ma'mkubwa?" Nikamwambia kweli. Akanitazama kama tunavyowatazama wazee wanaposema zamani mto huu ulikuwa na mamba.

Mimi miaka yote hiyo nilijifariji kwamba nilipoteza picha tu, na picha ni karatasi. Niliendelea na kazi, Kakonko walipopata wilaya yao nilikwenda kupiga sherehe, nikarudishwa Kasulu, nikawafundisha ninyi. Sikumwambia mtu.

Jumamosi baada ya kuagwa, Generoza alikuja nyumbani kunipa mkono wa kheri, na kuku. Nikazima redio, kama kawaida akija, maana redio ikiwa wazi humsikii. Nikamwonyesha kwenye simu zile picha za Yasini. Tukacheka, yeye akicheka mabega tu. Nikasema, "Tazama hii, nimekuwa kivuli. Hizi nazifuta zote." Akanishika mkono.

"Usifute."

"Generoza, hata sionekani."

"Usifute, Da Skola," akanong'ona. "Zangu ulizifuta."

Nilikaa. Sikuwa na pa kukimbilia, simu iko mkononi mwangu na mkono uko mkononi mwake. Nikasema ndiyo. Nikasema nilizifuta nyuma ya spika, tisa, ili nipate nafasi ya vikombe.

"Nilijua," akasema. "Nilijua siku ileile. Nikasema, Da Skola amenionea huruma, ameona shingo ilivyotoka, akaona asinionyeshe. Mtu anayenipenda kuliko wote mjini ameshindwa kuitazama." Akapumzika; maneno mengi humchosha. "Ndiyo nikaenda Mwanza."

Sijui nilisema nini kwanza. Nadhani nilisema hapana mara nyingi. Nikamwambia shingo hata sikuiona, wallahi, mimi Mkatoliki nikaapa kiapo cha Mzee Haruni. Ulikuwa ukungu, nikamwambia, zilitikisika, nilikuwa nalia unavyoimba nikasahau kungoja pumzi.

"Ukungu tu?"

"Ukungu tu."

"Mdomo ulikuwa wazi?"

"Wazi kabisa. Na mkono juu. Kwenye moja ulikuwa na mikono mitatu."

Kuku alikuwa amefungwa mguu mlangoni, anajaribu kusimama.

"Da Skola," akasema, "ungenipa ukungu wangu."

Hakupandisha sauti. Hata angetaka asingeweza, na aliyefanya asiweze ni mimi. Mtu akiniambia ni daktari, au ni Mungu, au ni rovu, namshukuru kwa wema wake. Mimi najua nilichojibu ile kamera mara tisa, na nilichojibu uani kwa mara ya kumi.

Kwa hiyo somo la mwisho, wanangu, ni la makopo ya maziwa ya unga. Picha mbaya msizifute pale pale, na msizifute kwa ajili ya kikombe cha mtu. Mkikosea, semeni tumekosea, siku hiyohiyo, kabla mwenzenu hajajitafutia sababu yake mwenyewe. Yasini, zile za kuniaga nitumie zote, pamoja na zilizonikata kichwa.

Jumapili iliyofuata Generoza aliniomba niende kanisani kwao Kibondo na kamera yangu. Anafundisha kwaya ya watoto, kwa mikono. Vijana wametundika taa za rangi pale mbele. Nikaomba nyeupe, wakanipa. Alifungua mtandio akauweka kwenye kiti. Nikapima shavu, nikarudi moja ya mia, nikangoja. Aliinua mikono kuwapa watoto pumzi, akatulia, nikapiga. Ni picha kali kuliko zote nilizowahi kupiga. Unaona kovu, unaona chaki kwenye kucha, unaona kila unywele. Nimeichapisha kubwa, Imani ameitundika sebuleni kwake. Watoto wote nyuma wamefungua midomo, na Generoza, katikati, wake umefumbwa.